Kuuliza mara moja na kukumbuka: namna keneli ya simu inajua uwezo wa prosesa

Simu mbili zinaweza kuandikwa jambo moja kwenye kartoni: Android, RAM GB 2, bei karibu sawa. Ukizitumia wiki moja, moja inafunga WhatsApp kila mara unapofungua kitu kingine, na ingine inavumilia. Wengi wanasema ni juu ya marke. Marke iko na nafasi yake. Lakini kuko jambo lingine lenye halionekani kwenye kartoni: prosesa iliyo ndani iko na uwezo gani wa kusaidia kupanga memori, na keneli, yaani programu kubwa yenye inaongoza simu yote, inajua uwezo huo namna gani.

Jambo hili linaonekana kuwa la wataalamu tu, lakini linagusa maisha ya kila siku. Katika Bukavu, toka Bagira hadi Panzi, ordinatere ya kwanza ya familia nyingi ni simu. Ndiyo inapokea habari, inahifadhi picha za arusi, inasaidia mwanafunzi na inatuma pesa. Mu Februari 2025, wakati benki zilifunga milango katika muji, pesa ya simu ilikuwa njia yenye wakaaji wengi walibakia nayo. Simu ya RAM kidogo ikifunga programu katikati ya kazi, mwenyewe anaanza upya: mega zinapotea, batri inashuka, na pengine umeme hauko kwa kuchaji.

Makala hii inaeleza swali moja dogo lenye keneli inauliza prosesa, juu ya nini kuuliza kila mara kunagharimu, na juu ya nini kuuliza mara moja na kukumbuka jibu kunaweza kuleta hasara kama jibu lenyewe halikuangaliwa vizuri.

Memori imegawanywa kurasa

RAM ni fasi ya kazi ya simu, sawa meza ya fundi. Vitu vyenye vinatumiwa saa hii vinakaa juu ya meza. Vingine vinakaa katika stoo, yaani memori ya kuhifadhi picha na programu. Meza ni ya haraka lakini ni ndogo.

Keneli inagawa meza hiyo kwa vipande vidogo vinavyoitwa kurasa. Katika simu nyingi za Android, ukurasa mumoja ni KB 4. Kwa hiyo simu ya RAM GB 2 iko na kurasa 524,288 za kusimamia. Kila programu inapewa daftari lake lenye linaonyesha kurasa zake ziko fasi gani. Prosesa inasoma daftari hilo wakati wote, pasipo sisi kuona.

RAM ikijaa, keneli inalazimika kutoa kurasa fulani kusudi ingine zipate fasi. Katika simu, kurasa zenye zinatolewa zinaminywa ziwe ndogo ndani ya RAM yenyewe, ao zinatupwa kisha zinasomwa tena kutoka stoo zikihitajiwa. Kama hiyo haitoshi, Android inafunga programu nzima, ikianza na zile zenye hazionekani kwenye kioo.

Ugumu wote uko katika kuchagua. Keneli ikitoa ukurasa wenye haujatumiwa toka asubuhi, hakuna mutu anaona. Ikitoa ukurasa wenye programu itauomba dakika inayofuata, simu inakwama na batri inalipa.

Alama ndogo yenye inasema "nimetumiwa"

Kusudi ichague vizuri, keneli inategemea alama moja ndogo. Katika kila mustari wa daftari kuko biti moja yenye maana yake ni: ukurasa huu umetumiwa. Keneli inapita, inafuta alama. Kisha inarudi nyuma ya muda. Fasi alama imerudi, ukurasa umetumiwa. Fasi alama haijarudi, ukurasa umelala na unaweza kutolewa.

Sasa, nani anaandika alama hiyo ukurasa unapotumiwa? Hapo ndipo prosesa zinaachana.

Katika ordinatere za Intel na AMD, prosesa yenyewe inaandika alama. Iko hivyo toka prosesa ya Intel 386 ya mwaka wa 1985. Keneli haihitaji kuuliza. Jibu ni "ndiyo" siku zote.

Katika simu, karibu zote ni za familia ya ARM, na hapo jibu halikuwa moja. Kizazi cha kwanza cha ARM ya biti 64, chenye kinaitwa ARMv8.0, hakijui kuandika alama chenyewe. Programu ikigusa ukurasa wenye alama yake imefutwa, prosesa inasimamisha programu, inaita keneli, keneli inaandika alama kwa mukono, kisha programu inaendelea. Ni kazi ndogo, lakini ikirudiwa mara elfu na elfu inakula muda na batri. Kizazi cha ARMv8.1, kilichotangazwa mu mwaka wa 2014, kilileta ruhusa ya prosesa kuandika alama yenyewe. Ni ruhusa tu, hapana lazima: mutengenezaji anaweza kuiweka ao kuiacha. Linux, ambayo ndiyo keneli ya Android, ilianza kutumia uwezo huo mu mwaka wa 2015.

Mifano miwili inajulikana sana katika simu za bei ndogo. Cortex-A53, iliyotangazwa mu mwaka wa 2012, haiko na uwezo huo. Cortex-A55, iliyotangazwa mu mwaka wa 2017, iko nao. Zote mbili ziko katika simu nyingi, na kwenye kartoni mara nyingi zinaandikwa vilevile: "octa-core".

Keneli inauliza namna gani

Ndani ya prosesa kuko visanduku vidogo vyenye vinaitwa rejista. Vingine ni vya hesabu. Vingine ni kama karte ya utambulisho. Vinasema: mimi ni nani, niko na uwezo gani. Kwa ARM ya biti 64, uwezo wa kuandika alama umeandikwa katika rejista yenye jina ID_AA64MMFR1_EL1, kwenye biti 4 za mwisho. Zikiwa 0, prosesa haiwezi. Zikiwa 1, inaweza kuandika alama ya "nimetumiwa". Zikiwa 2, inaweza pia kuandika alama ya pili, yenye inasema ukurasa umebadilishwa.

Keneli inasoma rejista hiyo, inapata jibu, inachagua njia. Swali ni: iisome mara ngapi? Kila mara inapotaka kupanga memori, ao mara moja simu inapowaka, kisha ikumbuke?

Konteri, umeme na nyumba ya jirani

Tuchukue mufano wa parsele yenye nyumba tatu. Fundi anaitwa kuweka friji.

Swali la kwanza: je, nyumba hii iko na konteri ya SNEL? Jibu halibadiliki toka asubuhi hadi mangaribi. Fundi akiuliza mara moja na kuandika katika kaye yake, inatosha. Akiuliza kila mara anapofunga vise moja, anachosha wenye nyumba na kazi haimaliziki.

Swali la pili: je, umeme uko saa hii? Hapo kaye haisaidii. Jibu la saa mbili asubuhi si jibu la saa kumi. Lazima aangalie tena.

Swali la tatu ndilo linaangusha wengi. Fundi aliuliza katika nyumba ya mbele, akaambiwa konteri iko, akaandika "parsele iko na konteri". Kisha anaenda nyumba ya nyuma, anafungua kaye, anaamini. Lakini nyumba ya nyuma haiko nayo. Jibu lilikuwa la kweli. Kosa ni kulipeleka fasi yenye hakuulizia.

Uwezo wa prosesa kuandika alama ni swali la namna ya konteri. Prosesa haiwezi kupata uwezo huo katikati ya siku. Kwa hiyo kukumbuka jibu ni akili. Lakini simu ya leo ni parsele yenye nyumba nyingi. "Octa-core" maana yake ni viini 8 vya kazi ndani ya prosesa moja, na mara nyingi si vya aina moja: vingine vikubwa kwa kazi nzito, vingine vidogo kwa kulinda batri. Kila kiini kiko na rejista zake. Mwenye kuuliza kiini kimoja na kuandika jibu kwa jina la vyote anafanya kosa la fundi wetu.

Bei ya kuuliza kila mara

Katika simu ya kawaida, kusoma rejista ni haraka. Juu ya nini basi wataalamu wanajisumbua kuweka jibu akiba?

Sababu ya kwanza ni wingi. Swali hili linaulizwa ndani ya njia yenye keneli inapita kila wakati: programu ikigusa ukurasa mupya, programu ikizaa programu ingine, RAM ikikaribia kujaa. Sentime moja si kitu, lakini ukiilipa katika kila hatua ya safari, mwisho unaona mufuko umepunguka.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na inahusu ordinatere kubwa zenye zinajibu simu zetu. Ujumbe, picha na pesa ya simu vinapita katika mashini zenye ziko mbali na Bukavu, na siku hizi zingine kati yazo ni za ARM. Mashini moja kubwa inagawanywa iwe kama mashini nyingi ndogo za kuigiza, na kila mushitiri anapewa yake. Katika Linux, musimamizi wa mashini hizo za kuigiza anaitwa KVM. Mashini ndogo ikitaka kusoma rejista ya utambulisho ya ARM, KVM haiachi isome moja kwa moja. Inaisimamisha, inatoka inje, inaandaa jibu lenye mashini hiyo imeruhusiwa kuona, kisha inairudisha kazini. Kitu chenye kilikuwa hatua moja kinakuwa mamia ya hatua ao zaidi. Swali hilo likiwa katika njia ya memori, mashini inapoteza muda kwa kuuliza jambo lenye inalijua toka asubuhi.

Kuweka jibu akiba kunamaliza shida hiyo: safari moja kwa musimamizi wakati wa kuwaka, kisha basi.

Bei ya kukumbuka vibaya: Galaxy S7, mwaka wa 2016

Mufano wenye unajulikana zaidi wa jibu la akiba lenye lilileta hasara ulitokea mu mwaka wa 2016. Ulihusu Mono, mufumo wenye programu nyingi za simu na michezo mingi ilijengwa juu yake, na simu zenye prosesa Exynos 8890 ya Samsung, kama Galaxy S7 za masoko fulani.

Prosesa iko na memori yake ndogo ya haraka sana, yenye inashika vipande vya RAM vyenye vinatumiwa saa hii. Vipande hivyo viko na kipimo. Programu kama Mono, yenye inaandika maagizo mapya wakati inatembea, inalazimika kusafisha memori hiyo ndogo kipande kwa kipande, kusudi prosesa isifanye maagizo ya zamani. Mono iliuliza kipimo mara moja, ikaandika jibu, ikaendelea nalo.

Katika Exynos 8890, viini vikubwa vilisema kipimo ni baiti 128. Viini vidogo, vya Cortex-A53, viko na baiti 64. Kama Mono iliuliza ikiwa juu ya kiini kikubwa, iliandika 128. Kisha Android ikaihamisha juu ya kiini kidogo kwa kulinda batri. Mono ikasafisha ikiruka baiti 128 kila mara, na katika kila vipande viwili kimoja kikabakia kichafu. Programu zilianguka fasi zenye hazikuwa na kosa, leo hapa, kesho kule. Wataalamu walitafuta sana kabla ya kuona kwamba jibu lilikuwa la kweli siku lilipotolewa, lakini lilitolewa na kiini kingine.

Mono ilirekebishwa: ichukue kipimo kidogo zaidi kati ya vyenye imeona. Ukisafisha kwa hatua ndogo huachi kitu. Linux pia ilichukua hatua mu mwaka huohuo, katika toleo 4.9: kama viini havikubaliane juu ya kipimo, programu ikiuliza, keneli inashika swali hilo na kutoa jibu moja lenye linafaa kwa vyote.

Bei ya kutouliza kabisa: kurasa za sifuri

Kuko na kosa la upande wa pili: kufikiri kwamba prosesa zote ziko sawa, na kutouliza. Mu mwaka wa 2019, Jia He, mutaalamu wa kampuni Arm, alipeleka rekebisho la Linux kwa shida ya namna hiyo.

Programu moja ikizaa ingine, keneli hainakili memori yote mara moja. Zote mbili zinatumia kurasa zilezile hadi moja inataka kuandika. Hapo tu keneli inanakili ukurasa wenye unahitajika. Wakati wa kunakili, keneli inasoma ukurasa wa programu ikiwa katika hali yenye haiwezi kusimamishwa. Kwa prosesa yenye inaandika alama yenyewe, hakuna neno. Lakini kwa ARM yenye haiandiki, kama alama ilikuwa imefutwa, prosesa iliita keneli kwa wakati wenye keneli haiwezi kuitika. Sheria ya zamani ya kodi ilisema: kama kusoma kumeshindikana, jaza ukurasa mupya na sifuri. Maana yake, data ya programu ingeweza kugeuka sifuri tupu.

Rekebisho lilikuwa la kuuliza kwanza. Kazi ndogo yenye jina cpu_has_hw_af inasoma rejista: kiini hiki kinaandika alama chenyewe? Kama hapana, keneli inaandika alama kwa mukono kabla ya kunakili. Tena rekebisho liliweka onyo: swali hili liulizwe tu wakati keneli imefungwa juu ya kiini kimoja, haiwezi kuhamishwa. Hapo tunaona tena parsele na nyumba zake: jibu la kiini hiki ni la kiini hiki.

Linux inaweka akiba namna gani

Leo Linux ya ARM inafuata utaratibu wenye unaweza kufupishwa hivi.

Kwanza, simu inapowaka, keneli inasoma rejista za utambulisho za kila kiini, moja moja. Inaandika katika daftari lake la ndani.

Pili, inalinganisha. Kwa uwezo wenye lazima uwe sawa fasi zote, inachukua jibu dogo lenye ni salama: kama kiini kimoja hakiwezi, simu nzima inahesabiwa kwamba haiwezi. Kwa uwezo wenye unaweza kuachana bila hatari, kila kiini kinabaki na jibu lake. Alama ya "nimetumiwa" iko katika kundi la pili. Kiini chenye kinaweza kinaandika. Chenye hakiwezi kinaita keneli. Daftari la kurasa linabaki sahihi kwa wote.

Tatu, kwa uwezo mwingi keneli haibaki hata na swali. Inarudi katika kodi yake yenyewe na kubadilisha maagizo. Fasi iliandikwa "kama uwezo uko, pita kushoto", inaandika "pita kushoto" tu. Toka hapo njia haina swali tena na haina gharama. Ni sawa mwenye nyumba aliyeng'oa mulango wenye hautumiwi, kuliko kuujaribu kila siku kama umefungwa.

Ine, inalinda jibu. Simu inazima na kuwasha viini vyake mara nyingi kwa kulinda batri. Kama kiini kinachelewa kuwaka na hakiko na uwezo wenye keneli imekwisha kuujengea kodi, keneli inakikataza kufanya kazi. Afazali viini 7 vyenye vinasema ukweli kuliko 8 vyenye kimoja kitaharibu data.

Prosesa ikisema "naweza" lakini haiwezi vizuri

Kuko sababu ingine ya kuweka jibu akiba kuliko kusoma rejista moja kwa moja: rejista yenyewe inaweza kusema zaidi ya kweli. Cortex-A55, yenye iko katika simu nyingi za bei ndogo, ilitoka na kosa lenye kampuni Arm yenyewe iliandika kwa namba 1024718. Linahusu alama ya pili, ile ya ukurasa uliobadilishwa: katika hali fulani prosesa inaweza kuiandika vibaya. Rejista inasema 2, lakini kwa matoleo yenye kosa Linux inazima uwezo huo na kuandika alama ya pili kwa mukono.

Hii haiwezekani kama kila sehemu ya kodi inaenda kusoma rejista kivyake. Inawezekana kama kuko fasi moja yenye jibu limeangaliwa, limesahihishwa na kuwekwa. Akiba nzuri inafanya haraka, tena inafanya jibu liwe moja kwa wote.

Faida yenye mutumiaji anaweza kuona

Mu Desemba 2022, Linux 6.1 ilitoka na njia mupya ya kuchagua kurasa za kutoa, kazi ya Yu Zhao wa Google. Kuliko kuweka kurasa katika makundi mawili tu, ya kazi na ya kulala, inazipanga kwa vizazi, toka vipya hadi vya zamani. Katika majaribio yenye Google ilitangaza, yenye yaliigiza namna watu wanatumia Android RAM ikiwa imebanwa, programu zilizofungwa kwa kukosa memori zilipunguka kwa 18%, na programu kuanza upya toka sifuri kulipunguka kwa 16%.

Faida hiyo inatoka katika njia nzima, lakini sehemu yake moja inategemea swali letu. Fasi prosesa inaandika alama yenyewe, keneli inapita daftari kwa wingi na kufuta alama nyingi kwa mara moja. Fasi haiandiki, keneli inaacha kupita hivyo, juu kila alama yenye inafuta italipwa nyuma kwa programu kusimamishwa.

Namna ya kuangalia simu yako

Mwenye simu ya Android anaweza kuweka programu ya teminali na kuandika: cat /proc/cpuinfo. Atafute mustari wa "CPU part", mumoja kwa kila kiini chenye kimewaka. Kama mustari wa "CPU implementer" ni 0x41, kiini ni cha kampuni Arm, na namba zinasomwa hivi:

0xc07 ni Cortex-A7, ya biti 32, haiandiki alama.
0xd03 ni Cortex-A53, haiandiki alama.
0xd09 ni Cortex-A73, haiandiki alama.
0xd05 ni Cortex-A55, inaandika alama.
0xd0a ni Cortex-A75, inaandika alama.

Namba mbili tofauti katika simu moja zinaonyesha kwamba viini si vya aina moja.

Kwa ordinatere ya Linux yenye toleo 6.1 ao la juu, amri cat /sys/kernel/mm/lru_gen/enabled inaonyesha namba. Kwa mashini ya Intel yenye njia mupya imewashwa, mara nyingi ni 0x0007. Ikiwa 0x0001, njia mupya inafanya kazi lakini pasipo musaada wa alama za prosesa. Kwenye simu, mara nyingi faili hiyo imefungwa kwa mutumiaji wa kawaida.

Kwa mwenye kununua simu ya pili mukono, namba hizi hazichukui nafasi ya RAM: GB 4 na Cortex-A53 zitavumilia zaidi kuliko GB 1 na Cortex-A55. Lakini kati ya simu mbili za RAM na bei moja, kuangalia kizazi cha prosesa ni dakika moja. Mwenye anatuma pesa kwa kodi za nyota na reza, kama vile kwenye simu ya vitufe, hana wasiwasi wa jambo hili; kodi hizo hazitegemei programu ya Android kubaki wazi.

Kwa mafundi wenye kuweka Android ingine ndani ya simu, onyo ni moja. Keneli ya simu ingine, hata ya marke ileile, imejengwa kwa viini vingine na inajua makosa ya viini hivyo. Ikiwekwa kwa nguvu juu ya prosesa yenye haikuandaliwa, inaweza kuwaka, kuonekana nzuri, kisha kuharibu data siku ingine. Kabla ya kuweka, wahakikishe kwamba modeli na namba za viini ni zilezile, na picha na majina ya mwenye simu yahifadhiwe kwanza fasi ingine.